Tasnifu Isiyorudi Darasani

Ewe mwanafunzi utakayehitimu shahada ya uzamili ya elimu mjini Kampala, tasnifu yako kuhusu ufundishaji wa Kiswahili itamfaa nani? Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaobeba mzigo huo ndio waliojaza hojaji zako na kukufungulia madarasa yao. Nawe unawalipa nini? Jalada gumu, Kiingereza kizito, katika maktaba wasimoingia! Cheo kitapanda, sawa, deni je? Kabla hujavaa joho, waandikie kurasa kumi za Kiswahili, uwapelekee mwenyewe.