Mwaka Tutauhesabu Wenyewe: Ilani

Juni 1962, Chuo cha Makerere, Kampala, kiliwapokea waandishi wa Afrika. Chinua Achebe alikuwepo, na Wole Soyinka, na Christopher Okigbo, na Ezekiel Mphahlele. Kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Mwanafunzi mmoja wa hapohapo chuoni, wakati huo akiitwa James Ngugi, alimpa Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Mwaka huohuo kampuni ya Heinemann ilianza mfululizo wake wa waandishi wa Afrika. Tangu hapo, kila anayesimulia fasihi ya Afrika lazima apitie mkutano ule.

Mwezi uleule wa Juni, Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wa Kiswahili, alifariki dunia. Alikuwa na miaka 53. Katika mkutano wa Makerere hakuwa na kiti, na asingeweza kuwa nacho, maana mkutano ulikuwa wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, ndiye yule mwanafunzi, alikuja kuandika miaka mingi baadaye kwamba yeye aliingia kwa hadithi fupi chache tu, na Shaaban Robert, pamoja na mashairi na nathari yake yote, hakustahili.

Lipo jingine ambalo halisemwi sana. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930, ilihamishia ofisi zake Makerere mwaka 1952, ikakaa hapo hadi 1962. Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake. Kwa miaka kumi, basi, Kiswahili kilikuwa na makao na jarida lake kwenye chuo kilekile. Aliyetaka kuijua fasihi ya lugha hii hakuhitaji kupanda gari moshi kwenda kuitafuta.

Hatuwalaumu waliokutana Kampala. Wengi wao walikuwa vijana, na walifanya kazi kubwa: walikaa, wakatajana majina, wakasomana, wakagombana, wakaandika kwamba mwaka ule wao walikuwepo. Kazi hiyo ndiyo ambayo sisi wa Kiswahili hatujaifanya mpaka leo. Tunaungana leo kuifanya, na ilani hii ndiyo mwanzo wake.

Tunasema hivi: fasihi isiyojua mwaka wake umeingiza nini na umepoteza nini itaendelea kuhesabiwa na wengine, kwa mizani yao. Muuza duka yeyote anajua kufika Desemba kilichoingia, kilichotoka na anachodaiwa. Muulize mwalimu wa fasihi, mhariri au mchapishaji: mwaka jana zilitoka riwaya ngapi za Kiswahili, diwani ngapi, tamthilia ngapi, Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa? Atakutajia mbili tatu alizobahatika kuziona.

Tazama 2021. Tarehe 7 Oktoba, Stockholm ilimtangaza Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Nobeli ya fasihi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini asubuhi ile msomaji wa Kiswahili aliyetaka kumsoma kwa lugha yake hakuwa na riwaya ya kushika. *Paradise* ilitoka 1994. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Miaka 28 ilipita kabla hadithi ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa kwao kwa deni la baba yake, haijawafikia kwa Kiswahili watu wa pwani ileile inayosimuliwa. Mwaka huohuo wa 2021 riwaya ya Shafi Adam Shafi, *Vuta n'kuvute*, iligeuzwa filamu na Amil Shivji, na mwezi Novemba UNESCO ikaitangaza 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mwaka mzito kama huo, tulioukumbuka zaidi ni ule upande wake uliotangazwa na wageni.

Na mwaka uliotangulia ulikuwa wa msiba. Januari 2020 tulimpoteza Euphrase Kezilahabi, aliyeandika *Rosa Mistika*, *Nagona* na *Mzingile*. Aprili tukampoteza Ken Walibora wa *Siku Njema*. Rambirambi zilijaa magazetini. Vitabu vyao vingapi vilichapwa upya mwaka huo ili vijana waliosikia majina kwa mara ya kwanza wavipate?

Anayetaka kuona tunachopigania aende kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaovipanga chini kando ya barabara. Aokote nakala yoyote ya *Kusadikika*, kitabu cha Shaaban Robert cha 1951. Uwezekano ni mkubwa akute alama za penseli pembezoni: dhamira, mhusika mkuu, tashihisi, na mstari mzito chini ya sentensi ambayo mwalimu alisema huenda ikaja kwenye mtihani. Kitabu kilisomwa ili kijibiwe maswali. Humo ndani Karama anasimama kizimbani mbele ya Mfalme na madiwani kwa sababu ya kufundisha watu sheria, na siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta maarifa ya kuinufaisha nchi. Kila mjumbe anarudi na alichokipata, na kila mmoja anatiwa gerezani. Aliyeandika hayo alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, chini ya utawala uleule aliokuwa akiuhukumu. Ujasiri wa namna hiyo haustahili kuishia kwenye mabano ya "toa mifano mitano".

Tena tukumbuke alichokiacha. *Kufikirika* aliiandika miaka ya 1940, ilichapishwa 1967. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* zilitoka 1968. Mwandishi mkuu wa lugha hii hakuwahi kuvishika vitabu hivyo mkononi. Ni miswada mingapi imelala leo kwenye masanduku ya familia Pemba, Lamu, Tanga na Bagamoyo, ya watunzi wasio na jina lake?

Kwa hiyo tunafungua Daftari la Mwaka. Litafunguliwa kila tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na kufungwa 31 Desemba. Litaandika kila kitabu cha fasihi kilichochapwa kwa Kiswahili, mji kilikotoka, nani alikichapa, na kama mchapishaji ataridhia, nakala ngapi. Vijitabu ambavyo watunzi wanavichapa kwa fedha zao na kuviuza mkononi vitaingia kwa heshima ileile. Tenzi zinazosomwa hadharani na kurekodiwa kwa simu, mashairi ya redioni, nyimbo za taarabu zenye utunzi wa kuhesabika, vyote vimo, kwa kuwa ushairi wetu haujawahi kuishi kwenye karatasi peke yake. Tutaandika pia vilivyokufa: kitabu kilichokwisha madukani na hakuna anayekichapa tena. Safu hiyo tunaamini ndiyo itakayouma kuliko zote.

Mipaka ya nchi haitatuzuia. Mwaka 1965 huko Elisabethville, leo Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha watu wa mji, kwa niaba ya watumishi wa majumbani. Katika hesabu yetu ya fasihi ya miaka ile hayumo. Daftari litapokea Kiswahili cha Kongo kama waandishi wake walivyokiandika, na hakuna mwenzetu atakayeruhusiwa kukinyoosha kwanza ili kifanane na cha Unguja.

Tuzo hatutatoa. Ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014, ya Mwalimu Nyerere imekuja baadaye, na tunaziombea maisha marefu. Tuzo huchagua mmoja. Sisi tunawashughulikia waliobaki.

Fedha tutazisema hadharani, shilingi kwa shilingi, pamoja na jina la aliyetoa. Taasisi iliyofadhili mkutano wa Makerere ilikuja kufichuliwa kwamba nyuma yake lilikuwepo shirika la ujasusi la Marekani, na wengi wa waliokaa ukumbini hawakujua. Hatutaki mwandishi wa Kiswahili aje kuambiwa baadaye nani alimlipia chai.

Kwa wachapishaji tuna ombi ambalo tutalirudia mpaka lisikike: kitabu kikiisha na hamna nia ya kukichapa, mrudishieni mwandishi haki yake. Msimkalie. Wahariri wa magazeti watupe safu moja kwa wiki ya uhakiki wa kitabu kipya, uhakiki wa kweli unaothubutu kusema kitabu ni kibaya pale kilipo kibaya. Sifa za bure zimetudumaza kuliko ukosefu wa karatasi. Nanyi walimu, mpeni mwanafunzi kitabu kimoja kwa mwaka ambacho hakitaulizwa popote.

Kila mji utakuwa na mtu wake wa daftari. Hahitaji shahada. Anahitaji miguu ya kuzunguka maduka ya vitabu, misikiti na makanisa yanapouzwa machapisho, vituo vya redio na mabaraza ya washairi, na uaminifu wa kuandika alichokiona, pamoja na kile asichokipenda. Pamoja na mwaka mpya, kila mmoja atarudi nyuma mwaka mmoja wa zamani kwa mji wake: magazeti yenye kurasa za mashairi tangu enzi za *Mambo Leo*, barua za watunzi, vitabu vilivyobaki nakala moja. Wenye masanduku ya wazee wao wasiyachome na wasiyauze kwa kilo. Watuite, tuje tunakili hapohapo nyumbani kwao, na karatasi zibaki kwa wenyewe.