Nyusi za kudumu: Uliza sindano kabla ya kuuliza bei

Hebu fikiria umeshuka matatu pale Feri saa kumi na mbili asubuhi, njaa inakuuma. Unamwendea mama wa mahamri, lakini kabla hujatoa pesa unakagua. Mafuta yamekuwa meusi? Nzi je? Sufuria ya mbaazi imefunikwa? Ukiona kinyaa unahamia kwa jirani yake na hata huagi. Na hapo tunaongea mahamri ya shilingi kumi.

Sasa niambie, shoga yako alipoenda kuchorwa nyusi za kudumu, zile wengine huita maikrobledingi, aliuliza nini? "Ni pesa ngapi?" Basi.

Simcheki mtu. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yangu, nilichoka na penseli ya wanja. Unajipaka vizuri nyumbani, ukisongamana na watu kivukoni jasho linashuka, feri ikifika ng'ambo huna nyusi, una matope. Kibanda kimoja si mbali na hapo kilikuwa kinachora kwa shilingi 1,500. Dada mwenyewe mchangamfu, mkono mwepesi, picha za wateja kwenye simu zinameremeta. Kile kikalamu chenye sindano alikitoa kwenye mkebe wa spiriti. Ni kile kile alichokuwa amemchorea mteja aliyenitangulia, nilimwona akikitumbukiza. Nikanyamaza. Niliona haya kumuuliza mtu kuhusu kazi yake.

Siku ya tatu jicho la kushoto halikufunguka. Usaha, homa, uso umefura kama andazi. Mama alinipeleka zahanati akiwa amenuna njia nzima. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Sindano ilikuwa mpya?" Nikasema hapana. Akaandika dawa, kisha akaagiza nipimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B, na nirudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu.

Uvimbe uliisha kwa wiki moja. Ile miezi mitatu ndiyo iliyonimaliza, wallahi. Nililala nikihesabu siku. Majibu yalitoka salama, alhamdulillahi, lakini unyusi wangu wa kushoto una kipande kisichoota nywele tena, na kovu lililoinuka ambalo ukipitisha kidole unalisikia. Harusini nilikaa na mtandio umeshuka hadi machoni.

Tuelewane basi: hii si wanja, ni chale. Sindano inapasua ngozi na kuacha rangi chini ya tabaka la juu, ndiyo maana inakaa mwaka mmoja hadi mitatu hivi. Palipotoka damu, kitu kinaweza kuingia. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye chuma kinachoonekana kisafi. Kuchovya kwenye spiriti hakutoshi. Hospitalini vyombo vya chuma vinavyorudiwa hupikwa kwa mvuke wa presha, nyuzi 121, kwa dakika 15 au zaidi. Na sindano ya kuchorea haifai kurudiwa kabisa, ikishamaliza mtu mmoja inatupwa.

Halafu kuna rangi yenyewe. Usidhani ukivuka daraja uende saluni ya kioo na AC kule Nyali umeshapona. Marekani, shirika la FDA linalosimamia vyakula na dawa halijawahi kuidhinisha rangi yoyote ya kudungwa chini ya ngozi. Mwaka wa 2004, rangi kadhaa za kampuni moja ya huko ziliondolewa sokoni, na malalamiko ya wateja yakapita 150: kuvimba, kupasuka ngozi, kuota vinundu. Mwaka wa 2024 wanasayansi wa shirika hilo walichapisha matokeo ya kupima sampuli 75 za wino wa chale na wa vipodozi vya kudumu kutoka chupa ambazo hazijafunguliwa. Sampuli 26 zilikuwa na bakteria, na baadhi ya chupa hizo ziliandikwa kwamba hazina viini. Umoja wa Ulaya nao ulianza Januari 2022 kuzuia maelfu ya kemikali kwenye wino wa aina hii.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Uliza wachoraji hina wa Mji wa Kale kuhusu piko. Ile nyeusi tititi mara nyingi huwa na rangi ya nywele, yenye kemikali ya PPD, na kuna wanaoamka na malengelenge mahali palipochorwa maua. Piko inapakwa juu juu tu na bado inachoma. Rangi ya nyusi imeingia ndani, huwezi kuikosha kwa maji na sabuni.

Najua mtakaponijibu. Wengine watasema ni haramu. Hilo nawaachia masheikh, mimi naongea na wale ambao wameshaamua kuchorwa. Wengine watasema vibanda vyote vifungwe. Hapo nakataa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo simwezi kumdharau dada anayetafuta riziki kwa mikono yake. Askari wa kaunti wakivunja kibanda atahamia chumbani kwake, na huko hakuna hata mteja wa pili wa kuona anachofanya.

Ninachotaka ni kidogo. Kwa sheria, anayepika chakula cha kuuza lazima apimwe afya na awe na cheti, na akifanye upya kila miezi sita. Anayetoboa ngozi ya uso wako naye atakiwe kitu: mafunzo mafupi ya usafi, sanduku la kutupia sindano, na afisa wa afya wa kumtembelea. Ada iwe ndogo, asije akakimbia.

Hadi hapo, una mdomo. Utumie. Sindano itoke kwenye paketi inayofunguliwa mbele yako. Glovu ziwe mpya, na akishika simu azibadilishe. Rangi imiminwe kwenye kikombe kipya, isichovywe chupani. Chupa iwe na jina na tarehe ya mwisho ya matumizi. Aijaribu rangi sehemu ndogo ya ngozi yako, msubiri siku kadhaa. Kama piko au rangi ya nywele iliwahi kukuvimbisha, mwambie. Kama makovu yako huota na kuwa manene, una kisukari, u mjamzito au unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, ongea na daktari kwanza.

Ukishachorwa, usikwaruze, na ukae mbali na bahari hadi pone kabisa. Mama Ngina haihami. Wekundu ukizidi kusambaa, usaha ukitoka au homa ikikushika, nenda hospitali. Usimpigie aliyekuchora akwambie "ni kawaida". Mimi niliambiwa ni kawaida siku mbili mfululizo.

Na wewe unayechora, ukisoma hapa, usinikasirikie. Mteja akikuuliza kuhusu sindano hajakutukana. Fungua paketi mbele yake kabla hajauliza, uone kama hatakuletea dada zake wote.

Mimi nimerudi kwa penseli. Ukinikuta Feri asubuhi na kioo kidogo mkononi, najichora upya kabla ya kupanda, na upande wa kushoto natumia muda mrefu kidogo. Aliyenichora bado yuko pale. Juzi nilipita nikasimama, nikamuuliza lile swali nililopaswa kumuuliza mwaka jana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza paketi za sindano mpya zinauzwa wapi.