Daraja za Hatari Si Pointi za Mtihani



Katika kilasi tumezoea pointi: mwenye nyingi anasifiwa, mwenye chache anaficha karatasi yake. Basi muganga akisema "degre ya tatu", ao redio ikitangaza rangi ya volkano, tunasikia vile vile kama pointi, halafu tunaangalia kwa macho yetu kama ni kweli. Mimi naona hapo tunakosea. Daraja za hatari ziliwekwa sababu macho yetu na maumivu yetu hayapimi vizuri.

Tuchukue mtu aliyeungua na mafuta ya moto. Degre ya kwanza, ngozi inakuwa nyekundu na inauma. Degre ya pili, malengelenge yanatoka, inauma zaidi. Degre ya tatu, ngozi imeungua mpaka ndani, na pale penyewe hapaumi tena, sababu neva zimekufa. Watu watasema, "Halii, iko muzuri." Kumbe huyo ndiye wa kukimbiza hospitali!

Kolera nayo ni hivyo. Julai 1994 iliua maelfu ya wakimbizi katika kambi za hapa, Mugunga jirani yetu ikiwa moja yao. Waganga wanapanga wagonjwa wa kuhara kwa herufi tatu. A: mtoto bado ana nguvu, anyweshwe nyumbani. B: macho yameingia ndani, anahangaika, ana kiu kali, anyweshwe kwenye kituo cha afya, wakimwangalia. C: amelegea, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana, serumu mara moja. Wa B anasumbua nyumba nzima, wa C amenyamaza. Tukifuata masikio, tutamwacha yule anayekufa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sasa tuje kwa mlima wetu. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kinatumia rangi nne: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka jioni, na mji haukuwa umeonywa. Siku chache nyuma yake lava ilikuwa imesimama, watu wakaanza kupumua. Lakini vyombo vilionyesha moto wa chini umefika chini ya mji na chini ya ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Watu wengi wakalala Sake, Rutshuru, Bukavu, na Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja. Wengine wakasema, "Walitudanganya!"

Hapana. Daraja inapima hatari. Haiahidi kwamba jambo litatokea. Na ile ya tarehe 22 inatufundisha upande mwingine: rangi inasema kile kilichopimwa tu. Kijani haisemi kwamba mlima umekufa. Kwa hiyo vyombo vya OVG na mishahara ya wafanyakazi wake ni jambo letu sote. Bila wao, rangi ni rangi ya ukuta tu.

Na hapa Lac Vert tuko na mazuku, ambayo haina rangi wala harufu. Ni hewa nzito inayolala ndani ya mashimo, na anayekufa mbele ni mbuzi ao mtoto, sababu pua zao ziko karibu na udongo. Ukingoja usikie hatari, umechelewa.

Ninaomba jambo moja. Tuandike ukutani mwa kila kilasi daraja hizi: za kuungua, za kuhara, za volkano. Chini ya kila daraja tusiandike "ogopa kidogo" ao "ogopa sana". Tuandike kazi ya kufanya: osha kwa maji baridi, nywesha, peleka kituoni, hama. Mwanafunzi anayejua hiyo kazi ataweza kuokoa mdogo wake hata kama wakubwa nyumbani bado wanabishana.