Ati Pointi si Mali!

Kuna neno limeingia majumbani mwetu kimya kimya, na sasa limekaa kitako kama mwenye nyumba. Neno lenyewe ni hili: "Pointi si mali." Husemwa na nani? Husemwa na yule aliyekusanya nauli za watu, akawalipia tiketi kwa kadi yake ya benki, akapata pointi, kisha pointi zile akazigeuza kuwa tiketi yake mwenyewe. Ukimwuliza, hucheka. Hizo ni tarakimu za kwenye simu tu, hujibu. Hazishikiki, si noti wala si sarafu, dhuluma iko wapi? Na juu ya hayo amepanda ndege kwa tiketi ile ile isiyomgharimu kitu, akachuma maili za shirika la ndege, na hizo nazo akaziita rizki.

Sisi twasema: pointi ni mali, zina mwenyewe, na mwenyewe si kila mara yule aliyeandikwa jina kwenye kadi.

Nyinyi wa Pwani mwaweza kustaajabu kuyasikia maneno haya yakitoka Ujiji. Mmezoea kutuona sisi kuwa ni mwisho wa reli, na kweli reli ya kati iliishia hapa Kigoma tangu mwaka 1914. Lakini leo ndege zaruka kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, na kutoka huko msafiri huunganisha kwenda Jeddah, Muscat au Dubai. Nyumba nyingi za Ujiji zina mtoto au mjomba Oman, Uingereza au Canada, na huyo ndiye mwenye kadi. Basi mama ambaye hajapata kuishika kadi hiyo mkononi husafiri kwa kadi. Kikundi cha umra hutoa fedha taslimu mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo hulipa kwa kadi. Jambo limeshatufika, na aliyefikwa na jambo hana budi kulisema.

Kwanza tufahamiane juu ya jambo lenyewe, maana wengi hubishana wasijue wanabishania nini. Kuna pointi za benki, ambazo hupatikana kwa kutumia kadi. Na kuna maili za shirika la ndege, ambazo hupatikana kwa kusafiri. Biashara ya maili ilishika kasi mwaka 1981, American Airlines ya Marekani ilipofungua daftari lake liitwalo AAdvantage. Leo Emirates wana Skywards, Ethiopian wana ShebaMiles, na Oman Air wakaliita lao Sindbad, labda kwa kuwa naye alisafiri sana na kila safari ikamletea msiba. Zamani maili ilikuwa maili kweli, umbali uliosafiri. Mwaka 2015 Delta na United waliacha kuhesabu umbali wakahesabu fedha iliyolipwa, na American wakawafuata mwaka 2016. Jina limebaki tu, kama mtaa uitwao Mwembeni na hali mwembe wenyewe ulikwisha katwa.

Sasa, tiketi ya pointi ina milango miwili. Mlango wa kwanza: pointi za benki huhamishwa zikaingia katika daftari la shirika, zikawa maili, na shirika likakupa kiti kuwa ni tuzo. Hapo shirika halikupokea nauli, na kwa kawaida hupati maili nyingine kwa safari hiyo. Mlango wa pili: benki yenyewe husimama kama wakala, hununua kiti kwa fedha, kisha hukukata pointi zako. Kwa shirika hiyo ni tiketi kama tiketi zote. Nauli imeingia, na aliyekaa kitini huandikiwa maili zake. Wako watu wanaoona kuwa mlango huu wa pili ni wizi, kwamba umekula mara mbili. Hapana. Muuzaji amelipwa bei yake na ametoa alichoahidi kumpa kila aliyelipiwa. Ikiwa pointi ni zako, chuma maili zako kwa raha, wala mtu asikuonee haya. Ugomvi wetu hauko kitini. Uko kule pointi zilikozaliwa.

Na ati pointi si mali! Hebu tuwaulize wenye ndege. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozishusha ndege zote chini, United walikwenda kutafuta mkopo. Waliweka nini rehani? Waliweka daftari lao la maili, na kwa daftari hilo wakapata dola bilioni 6.8. Mwaka huo huo Delta nao wakaweka rehani daftari lao wakachukua dola bilioni 9. Mtu atoaye mabilioni ya dola hapokei hewa kuwa rehani. Yule wa kwetu asemaye pointi si mali, laiti angekwenda kuwaambia mabenki hayo.

Basi mali hiyo hutoka wapi? Kila kadi inapotumika, mwenye duka hukatwa ada, na sehemu ya ada hiyo humwendea mwenye kadi kwa jina la zawadi. Mwenye duka naye si mjinga. Huitia ada katika bei, na bei hiyo hulipwa na wote, hata aliyekuja na noti zake zilizokunjwa kwenye pindo la kanga. Mwaka 2010 wachumi wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walifanya hesabu ya nchi yao. Waliona kuwa kwa mwaka nyumba inayolipa kwa fedha taslimu hutoa wastani wa dola 149 zinazokwenda kwa wenye kadi, na nyumba yenye kadi hupokea dola 1,133. Umoja wa Ulaya ulipoiwekea ada hiyo kikomo mwaka 2015, isizidi asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo, zawadi za kadi huko zilinywea. Ukiziba chemchemi, kijito hukauka.

Hapa ziwani sisi tuna darasa letu. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri. Dagaa huupanda mwanga kwa maelfu, na kutoka ufukweni utadhani ziwa limejengwa mji. Hakuna dagaa aliyewashiwa taa kwa kupendwa. Na mafuta ya taa ile hulipwa kwa dagaa wale wale.

Lakini turudi kwa mtu wetu. Tuseme watu 20 wa Ujiji wanakwenda umra. Kila mmoja amempa shilingi milioni 3 za tiketi, jumla milioni 60. Yeye alipia kwa kadi, kisha kwa fedha zao hizo hizo alipa deni la kadi kabla tarehe haijafika. Hakukopesha mtu, hakutoa senti yake. Tuseme kadi yake humrudishia shilingi moja katika kila mia. Hizo ni laki sita. Mwekee laki sita mezani kwa noti, mbele ya wale ishirini, umwone kama atazitia mfukoni akicheka. Hatathubutu. Lakini zikiwa ndani ya simu, huzitia.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Wasomaji wengi wamesikia kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya sadaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili, hili la Waislamu, na hili alilopewa yeye kuwa zawadi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume alipanda mimbari akamkemea, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfuata huko? Pima kwa kipimo hicho hicho. Lau mwenye kadi angekaa barazani kwake bila ya zile nauli za watu ishirini, benki ingempelekea zile pointi?

Atasema: nimehangaika, nimekesha nikitafuta tiketi za bei nafuu, nimepigiwa simu usiku. Kweli, na aliyefanya kazi ana haki ya ujira. Lakini ujira hutajwa mwanzo, ukajulikana, mwenye kutoa akaridhika au akakataa. Sema, "Mimi nitachukua pointi kuwa malipo ya taabu yangu, nazo ni kiasi hiki." Wengi watakukubalia kwa moyo mweupe. Unachokikwepa kwa kunyamaza si taabu ya kueleza. Ni uwezekano wa kuambiwa hapana.

Ujiji hii ina historia na wanaochezea mali iliyokabidhiwa. Mwaka 1871 Livingstone alirudi hapa kutoka Manyema, mgonjwa na mchovu, akitaraji kukuta bidhaa alizopelekewa kutoka Zanzibar. Zilikuwa mikononi mwa mtu aitwaye Sherif. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, katika yadi 3,000 za nguo hakukuta hata yadi moja, na katika ratili 700 za shanga hakukuta hata uzi mmoja. Sherif alikuwa na udhuru: alikwisha piga bao akaona mwenye mali amekufa. Udhuru haukosekani! Jana mwenyewe amekufa, leo pointi si mali. Na usidhani mji mzima ulikuwa hivyo, maana siku zile zile Said bin Majid alijitolea kuuza pembe zake ili amsaidie mgeni. Wageni wanaokuja kutazama ule mnara wa kukutana Livingstone na Stanley husimuliwa habari za makutano tu. Ningekuwa mimi mwenye kuwatembeza, ningewasimulia pia habari za zile yadi 3,000.

Wala si Waislamu peke yao wanaoliona jambo hili. Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi, aliyeshika mambo ya uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, alijiuzulu kwa kuwa maili alizozipata kwa safari za ubunge, zilizolipiwa na umma, alizitumia kwa safari zake binafsi. Marekani walikata njia nyingine. Mwisho wa mwaka 2001 walipitisha sheria ya kuwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kazi. Watu husema, "Mwaona, Marekani ni ruhusa." Ndiyo, ni ruhusa, na aliyeitoa ni mwenye mali. Mlipaji nauli alikaa kitako akasema chukueni. Wale ishirini wa umra walikaa lini wakasema?

Limebaki swali la zile maili za pili, zilizochumwa kwa kuipanda tiketi ya pointi. Hapa hata watu waadilifu hubabaika. Mimi naona hivi. Ukikabidhiwa ng'ombe wa watu umtunze, na mkakubaliana unywe maziwa, maziwa ni halali yako. Ndama bado ni wa mwenye ng'ombe. Na ndama akikua akazaa, hakuna mwenye akili atakayesema mjukuu amekuwa wako kwa sababu amezaliwa zizini kwako. Kama pointi za kwanza zilikuwa za kikundi, basi tiketi ni ya kikundi, na maili zilizotokana nayo, ingawa shirika limeziandika kwa jina lako, thamani yake ni deni shingoni mwako. Kama pointi za kwanza zilikuwa zako, au ulipewa kwa ridhaa, yote yafuatayo ni yako.

Kuhusu mwenye kadi anayeacha deni lilale mwezi hadi mwezi likazaa riba ili apate pointi, sina haja ya maneno mengi. Huyo hununua tiketi moja kwa bei ya tatu. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Riyadh cha mwaka 2000, lilikataza kadi ya mkopo yenye sharti la riba ndani ya mkataba, hata kama mtu ananuia kulipa mapema. Mwenye kadi ya namna hiyo akakae na shehe wake kabla ya kukaa na daftari lake la pointi.

Na nyinyi watoto mlioko Muscat na London mnaowalipia mama zenu tiketi kwa pointi zenu wenyewe, Mungu awalipe. Ila jueni kuwa maili za safari huandikiwa aliyekaa kitini, si aliyelipa. Mama huondoka Dar es Salaam na kurudi, hana namba ya uanachama, maili zinapotea hewani. Mfungulieni daftari kwa jina lake kama lilivyo katika pasi, muiandike namba hiyo siku ya kukata tiketi, na mkisahau, mashirika mengi huruhusu kudai baadaye ndani ya miezi kadhaa ukiwa na kipande cha kupandia ndege. Mwambieni mama asikitupe.

Ama kikundi kijacho cha Ujiji, kabla mtu hajatoa shilingi, mtunza fedha asimame aseme mbele ya watu: kadi itakayotumika ni ya nani, italeta pointi ngapi, na zitakwenda wapi. Zipunguze nauli ya wote, au zimlipie tiketi mzee mmoja asiye na uwezo, au apewe mwenye kadi kwa taabu yake. Liandikwe katika daftari la kikundi, na watu ishirini watie sahihi.