Santuri Moja, Hukumu Mbili

Ndugu msomaji, kazi ya mhakiki wa muziki ni ngumu kuliko tunavyodhani. Huletewa santuri leo, na kesho kutwa mhariri anataka hukumu. Huisikiliza mara mbili tatu, akatoa alama kama mwalimu asahihishaye daftari, kisha akaigeukia nyingine. Wewe uliyeinunua kwa fedha yako utakaa nayo miaka. Ndiyo maana hukumu yake na yako zaweza kupishana, na leo napenda kukusimulia kisa kimoja ambamo zilipishana hasa, hata moja ikalazimika kuifuata nyingine.

Mwezi Februari 1998, huko Marekani, bendi iitwayo Neutral Milk Hotel ilitoa albamu yake ya pili, In the Aeroplane Over the Sea, yaani Ndani ya Ndege Juu ya Bahari. Ilikuwa bendi ya roki ya kujitegemea: haikuwa chini ya yale makampuni makubwa yanayolishika soko la muziki. Mtoaji wake, Merge, ni kampuni ndogo ya jimbo la North Carolina iliyoanzishwa na wanamuziki wenyewe mwaka 1989. Nayo haikujipa matumaini makubwa. Ilitengeneza sahani za CD 5,500 na santuri 1,600 hivi, basi.

Ukiisikia mara ya kwanza waweza kushtuka. Jeff Mangum, mtunzi na mwimbaji, hupaza sauti mpaka ukahofu kwamba itapasuka. Gitaa lake, ambalo si la umeme, limerekodiwa kwa nguvu hata linakwaruza, na jambo hilo lilifanywa kwa makusudi. Nyuma yake matarumbeta yanalia kama ya msafara wa mazishi, na mwenzake mmoja anapiga msumeno. Naam, msumeno wa chuma, unaokunjwa na kupitishiwa upinde wa fidla hadi ukaomboleza kama binadamu. Mzazi aliyetoka kazini na uchovu wake angeweza kabisa kumwamuru kijana azime kelele hizo.

Lakini kelele hizo zina chanzo. Mangum alikuwa amesoma shajara ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha pamoja na jamaa zake mjini Amsterdam, wakakamatwa mwaka 1944, naye akafa katika kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 15. Katika familia ile alinusurika baba peke yake, na ndiye aliyehakikisha kwamba maandishi ya mwanawe yanachapishwa mwaka 1947. Mangum alieleza katika mahojiano kwamba kitabu hicho kilimliza kwa siku kadhaa. Katika nyimbo zake imo huzuni ya mtu mzima anayetamani kumwokoa mtoto aliyekwisha kufa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa.

Wahakiki walisemaje? Rolling Stone, jarida mashuhuri la muziki, liliipa nyota 3 kati ya 5. Pitchfork, jarida la kwenye intaneti, liliipa alama 8.7 kati ya 10. Hakuna tusi hapo, ila wala si sifa za kuifanya bendi itajwe miaka mingi baadaye. Mwaka huohuo bendi ikamaliza ziara zake, na Mangum akanyamaza.

Hapo ndipo wasikilizaji walipoichukua kazi hiyo mikononi mwao. Rafiki alimpa rafiki, kaka akamwachia mdogo wake, na nakala zilizotarajiwa kuwa elfu chache zikafikia malaki. Ilipotolewa upya mwaka 2005, Pitchfork waliihukumu tena, safari hii wakaipa 10 kamili. Ndugu msomaji, zingatia kwamba nyimbo ni zilezile, na mikwaruzo ni ileile. Mimi naona zile alama za nyongeza zilitolewa na wasikilizaji. Jarida liliziandika tu. Wala simlaumu mhakiki wa kwanza. Sauti ile inakwaruza kweli, naye aliandika alichokisikia katika siku chache alizopewa.

Lililobaki ni gumu zaidi. Mapenzi ya wasikilizaji yalikuwa na deni, nalo alidaiwa mtunzi. Watu walitaka awafafanulie kila neno, kana kwamba aliyeimba kilio chake anawiwa pia maelezo yake. Mwaka 2003 mwandishi wa gazeti moja la Atlanta alimtafuta kwa bidii, naye akajibu kwa maandishi kwamba yeye ni mtu, si wazo, na kwamba anaomba aachwe. Bendi iliporudi jukwaani mwaka 2013, ukumbini walikuwamo vijana waliokuwa watoto wachanga santuri ilipotoka. Waliombwa wasipige picha wala kurekodi. Ziara hizo zilikwisha mwaka 2015, na hadi leo bendi haijatoa albamu nyingine ya nyimbo mpya.

Wapo mashabiki wanaomlaumu kwa hilo, wakisema amewanyima. Mimi siwaungi mkono. Nyimbo walikwisha kupewa.