Klabu ya Biashara Shuleni Hukua kwa Daftari Lililo Wazi

Klabu ya biashara ya wanafunzi, yaani umoja wa hiari ambao wanafunzi huchanga mtaji, hununua na kuuza bidhaa kwa pamoja na kuamua wenyewe faida itumikeje, hupimwa na wengi kwa vipimo viwili: wingi wa wanachama na ukubwa wa faida. Vipimo hivyo havitoshi, kwa maana klabu yaweza kuwa na wanachama wengi na sanduku lenye fedha, ikafa mara tu kidato cha nne wanapomaliza mtihani wao wa mwisho na kuondoka. Kipimo cha haki ni uwazi wa hesabu, na kiongozi anayestahili kufuatwa na klabu yake popote ni yule awezaye kulifungua daftari mbele ya wote bila kusitasita.

Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Butiama ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na Mwisenge mjini Musoma ndiko alikoanza shule mwaka 1934. Naye ndiye aliyetoa, Machi 1967, waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe pia jumuiya ya uchumi inayochangia mahitaji yake yenyewe. Waraka ule haukutaka wanafunzi wawe vibarua wa shule, bali washiriki katika kupanga na kuamua, na wayaone matunda ya kazi yao. Katika shule nyingi nusu hiyo ya pili ilisahauliwa, shamba likageuka mahali pa adhabu, na mwanafunzi akashika jembe pasipo kujua mavuno yaliuzwa kwa kiasi gani. Klabu inayoendeshwa kwa amri ya mwalimu peke yake hurudia kosa lile lile.

Somo la pili limo katika historia ya pamba, zao lililowalea watu wengi wa Bunda na Kanda ya Ziwa nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa kanda hiyo, wakishuku mizani ya wanunuzi, walidai wapimaji wao wenyewe, na kutokana na madai hayo vikakua vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria lenye makao yake Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Hata hivyo, mwaka 1966 tume ya serikali iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta udhaifu wa hesabu, ubadhirifu, na wanachama wasioelewa kinachotendeka katika vyama vyao. Ushirika uliozaliwa kwa sababu ya mizani isiyoaminika ulidhoofishwa na vitabu visivyoaminika. Na wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ichukuliwe mfano wa klabu ya Musoma yenye wanachama 40, ambao kila mmoja amenunua hisa moja, yaani fungu la umiliki, kwa shilingi 2,000, ikapatikana jumla ya shilingi 80,000. Klabu inanunua dagaa wa shilingi 60,000, ikichagua walioanikwa juu ya vichanja badala ya mchangani, kwa kuwa mchanga ukisaga meno ya mlaji siku moja mteja harudi tena. Nauli ni shilingi 6,000 na mifuko ni shilingi 4,000. Inafungasha mifuko 90 na kuiuza kwa shilingi 1,000 kila mmoja, hivyo mauzo ni shilingi 90,000. Faida ghafi, ambayo ni mauzo yakiondolewa bei ya kununulia bidhaa, ni shilingi 30,000. Faida halisi, ambayo ni kile kinachosalia baada ya gharama zote, ni shilingi 20,000. Mifuko kumi ikikopeshwa kwa marafiki wasiolipa, shilingi 10,000 zimekwenda, nayo ni nusu nzima ya faida halisi. Mwanachama anayeliona hilo kwa macho yake daftarini haambiwi tena ubaya wa kukopesha ovyo. Wafumaji na mafundi wengine 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, waliuza kwa fedha taslimu tu, na msimamo huo ulilinda mtaji wao mdogo.

Kwa hiyo kazi zigawanywe: mweka hazina ashike fedha, katibu aandike daftari, na mwanachama wa tatu, asiye kiongozi, akague vyote viwili kabla ya kila mkutano. Mwalimu awe mlezi, maana yake mshauri na shahidi, asiwe mwenye klabu. Kidato cha tatu washike uongozi na kidato cha pili wawe manaibu wao, ili anayeondoka amwache anayejua. Wasichana nao wasibakizwe kwenye kuuza huku wavulana wakishika mfuko, hasa katika mkoa ambao wanawake ndio huanika na kuuza sehemu kubwa ya dagaa.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba biashara itamwondoa mtoto masomoni, na hofu yao ni ya haki pale klabu inapokula saa za vipindi. Dawa yake ni kuweka ratiba na kuishika, si kuifunga klabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa hatua mwaka 2024, umelipa somo la biashara nafasi kubwa zaidi katika sekondari, na mwanafunzi aliyewahi kukokotoa faida ya dagaa wake hulisoma kwa uelewa asioupata aliyekariri.

Klabu ikishaimarika hivyo, ndipo ipanuke. Musoma ina samaki, Bunda na Butiama zina mihogo na mtama. Klabu za wilaya hizo zikibadilishana bidhaa, na zikakaguliana madaftari, zitajenga soko na uaminifu kwa wakati mmoja.

Basi walimu wakuu watoe nafasi, wazazi wahudhurie walau mkutano mmoja kwa mwaka, na wanafunzi wakatae kuongozwa na yeyote anayeficha hesabu, hata akiwa rafiki. Kijana aliyezoea kudai na kutoa hesabu ya shilingi 20,000 akiwa shuleni hatanyamaza kesho mbele ya mamilioni ya chama chake cha msingi, kijiji chake au halmashauri yake.