HESABU ZA PAMBA HAZIJAPOTEA!



Tangu Jumatatu maneno yamezagaa, vilabuni mpaka kisimani, eti kompyuta ya chama imefuta hesabu za pamba na madeni ya pembejeo. Wapo walioanza kudai madeni yasamehewe kwa kuwa ushahidi haupo. (Wanaopiga kelele zaidi tunawajua, na mbolea waliyokopa tunaijua.) Na fundi wa mjini keshaitwa. Anataka fedha ya mifuko miwili ya mbolea ili "apige Windows upya". Sisi tunapinga yote mawili.

Kilichofutwa ni nini hasa? Ni kile kipicha cha folda kilichokuwa kwenye kioo, chenye mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto. Mshale ule si urembo. Unaonyesha kwamba kipicha si folda yenyewe, ila ni njia ya mkato ya kuifikia. Ndani yake hamna hesabu hata moja. Mmeandikwa tu mahali folda ilipo. Njia ya mkato ya kwenda kisimani ikiota majani, jamani, nani atasema kisima kimekauka?

Folda ya PAMBA imo ndani ya My Documents, kama siku zote. Jana tumeifungua mbele ya wajumbe wawili. Kilo za kila mtu zipo. Madeni nayo yapo!

Kukirudisha kipicha hakuhitaji fundi. Kwanza fungua kapu la taka la kompyuta. Ukikikuta humo, bonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Restore, kitarudi kilipokuwa. Kama kapu limeshamwagwa, bonyeza Start, fungua My Documents, weka kipanya juu ya folda ya PAMBA, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Send To, halafu Desktop. Basi. Hata kama mashine yetu ni ya Windows XP, ya mwaka 2001, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, kazi hii inaifanya bila taabu.

Ila tuelewane hapa. Folda isiyo na mshale ndiyo folda yenyewe. Ukiifuta hiyo, umefuta na vilivyomo, na kapu la taka lisimwagwe mpaka irudishwe.

Sasa huyo fundi. Kupiga Windows upya kwa namna anayotaka yeye ni kusafisha diski nzima kwanza. Hapo ndipo hesabu zitafutika kweli! Yaani chama kilipe fedha ili kichomewe daftari lake? Mbona hakuuliza hata kama kile kipicha kilikuwa na mshale?

Uongozi nao usikilize. Haifai mashine ya wanachama wote ijulikane na mtu mmoja tu, akisafiri ofisi inakuwa giza. Tunadai mambo matatu: mweka hazina asitoe hata senti kwa fundi huyo, folda ya PAMBA inakiliwe kwenye flashi kila mwisho wa wiki na flashi ikae kwenye sanduku la fedha, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa mizani inapopima.

Asiyeamini aje ofisini Jumamosi saa tatu asubuhi. Kompyuta itawashwa, na kila mwanachama atasomewa kilo zake na deni lake.